Tahariri: Mashine ya kujibu simu haigeuzwi kama nyumba isiyo na watu

Mama mmoja anayeuza sambaza kwenye soko la Kadutu, mjini Bukavu, hajui kusoma. Lakini njia ya kupata msaada kwenye simu yake anaijua kwa kichwa: anapiga namba, anangoja sauti, anafinya mbili kwa ajili ya Kiswahili, kisha anafinya tatu ili aongee na mtu. Amefanya hivyo miaka mingi. Asubuhi moja alituma pesa kwa namba isiyo yenyewe, akapiga haraka ili wazuie. Alifinya mbili. Akafinya tatu. Sauti ikamwambia maneno kwa Kifaransa, ikamshukuru, simu ikakatika. Dakika chache baadaye yunite zake zilikuwa zimekwisha: alikuwa amenunua nyimbo bila kujua. Na ile pesa, mtu aliyeipokea alikuwa amekwisha kuitoa.

«Mimi sikukosa, nilifinya kama siku zote», alituambia. Ni kweli, hakukosa. Usiku wa kuamkia siku ile, ndani ya mashine inayojibu simu za wateja kuliwekwa programu mpya. Tulipiga namba ile sisi wenyewe, tukasikiliza mpaka mwisho. Kiswahili kilikuwa kimetolewa kwenye mbili na kupelekwa kwenye tatu. Mbili sasa ilikuwa Kifaransa, na ndani ya Kifaransa, tatu haikuwa tena mtu wa kuongea naye bali nyimbo za kununua. Hatutaji jina la kampuni, kwani jambo hili si la kampuni moja. Kesho linaweza kuwa la benki, la wizara, la hospitali ao la shirika la misaada.

Neno letu leo ni hili: mashine inayojibu simu ni nyumba yenye watu ndani saa zote. Anayetaka kugeuza mlango wake, kwanza ajue nani yuko ndani, nani anakuja njiani, na namna gani atarudisha mlango wa zamani kama mpya unakwama. Asiyefanya hivyo anamfanya raia kuwa mtu wa kujaribiwa, na raia ndiye analipa.

Kuna watakaosema: nchi ina vita, wakimbizi wako kwenye kambi, barabara zimekufa, nanyi munaandika juu ya mashine ya simu? Ndiyo, na ni kwa sababu hizo hizo. Mahali barabara imekatika, simu ndiyo barabara. Mtu wa Shabunda ao wa Walikale hawezi kupanda moto aende kwenye ofisi kulalamika. Ofisi yake ni ile sauti. Tangu Januari 2025, benki zilipofunga milango Goma, watu wengi walibaki na pesa ya simu peke yake kwa kula, kwa kulipa nyumba na kwa kutumia ndugu. Wakati wa Ebola katika Kivu Kaskazini na Ituri, ugonjwa uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2200 walikufa, na habari za mgonjwa mpya ao za kifo kijijini mara nyingi zilifika kwa simu. Namba ya namna hiyo ikikosa kujibu kwa saa moja, hiyo saa moja ina uzito.

Tueleze kwanza mashine yenyewe ni nini, kwani wengi wanadhani ni mtu aliyefichwa mahali. Simu inapoingia, kompyuta inaipokea na kucheza sauti iliyorekodiwa. Mteja akifinya namba, simu yake inatoa mlio. Kila namba ina mlio wake, na kompyuta inautambua. Kisha inaangalia kwenye orodha yake: namba hii inaenda wapi? Pengine inaenda kwenye sauti nyingine, pengine kwenye daftari la akaunti za wateja, pengine kwa mfanyakazi aliyekaa na kofia ya masikio. Kwa hiyo vitu ni vitatu: sauti, orodha ya njia, na daftari. Vyote vitatu lazima viseme neno moja.

Hapo ndipo makosa mengi yanaingia. Fundi anageuza orodha ya njia leo, lakini sauti mpya ya Kiswahili itarekodiwa wiki ijayo. Kwa siku saba sauti inasema «finya nne», na nne imekwisha kuhamishwa. Kwa Kifaransa kila kitu ni sawa, kwa sababu aliyepima alipima kwa Kifaransa. Nchi yetu ina lugha nne za taifa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo, pamoja na Kifaransa cha serikali. Mashine inayoongea lugha tano ina njia tano za kuharibika. Asiyezipima zote tano hajapima.

Kosa la pili ni kuzima mashine na kuiwasha tena huku watu wanaongea. Kwenye ofisi ni sekunde chache tu. Kwa aliye upande mwingine, ni mama aliyengoja dakika kumi na tano kwa kilima chenye rezo, betri ikiwa imebaki kidogo, na sasa amekatwa bila neno. Atapiga tena, atawekwa mwisho wa foleni. Na wote waliokatwa watapiga tena kwa wakati mmoja. Mashine iliyokuwa na kazi ya kawaida inapata mzigo mara mbili ao mara tatu, na hiyo peke yake inaweza kuiangusha.

Hayo si maneno ya kutisha watu. Nchi zenye pesa na mafundi kutushinda zimeyaona.

Tarehe 15 Januari 1990, huko Marekani, kampuni ya AT&T iliona simu zake za mbali zikianguka. Mashine moja ya kugawa simu huko New York ilipata tatizo dogo, ikajipumzisha, ikarudi kazini na kuwaambia wenzake kwamba imerudi. Lakini programu mpya, iliyokuwa imewekwa mwezi wa Desemba 1989, ilikuwa na kosa: mashine iliyopokea habari mbili za haraka haraka kutoka kwa mwenzake nayo ilijipumzisha. Nayo iliporudi ikawatangazia wengine, nao wakaanguka. Mashine zote 114 zilikuwa na programu ile ile, kwa hiyo zote zilikuwa na ugonjwa ule ule. Kwa muda wa saa tisa hivi, karibu nusu ya simu za watu hazikupita. Na programu hiyo iliwekwa kwa nia nzuri, ili mashine zipone haraka zaidi zinapopata tatizo.

Tarehe 2 Juni 2021 ilikuwa zamu ya Ufaransa. Kuanzia jioni mpaka karibu usiku wa manane, watu waliopiga namba za haraka, 15 ya waganga, 17 ya polisi, 18 ya wazima moto na 112, wengi hawakujibiwa. Simu karibu 11 800 hazikufika. Kampuni ya Orange ilifanya uchunguzi, ikasema chanzo ni kosa la programu kwenye mashine za kuelekeza simu, lililotokana na kazi za kuongeza nguvu ya mtandao zilizoanza mwezi wa Mei. Vifo kadhaa vilitajwa kuwa huenda vina uhusiano na hitilafu ile.

Tuangalie hizo tarehe vizuri. Marekani: programu iliingia Desemba, ikaanguka Januari. Ufaransa: kazi zilianza Mei, shida ikaonekana Juni. Katika nchi hizo mbili, usiku wa kwanza ulipita kwa amani, na pengine mafundi walipeana mikono. Kosa lilikuwa limelala tu, likingoja siku lile jambo lisilo la kawaida litakapotokea. Fundisho ni kwamba ukimya wa siku moja si ushahidi. Mwenye kufuta programu ya zamani asubuhi inayofuata, kwa sababu «mpya inatembea», amechoma daraja akiwa bado katikati ya mto.

Sasa, namna nzuri ya kufanya kazi hii iko wapi? Haiko mbali, na haiombi uchawi.

Kwanza, mashine mbili ziwe upande kwa upande. Ya zamani inabaki kazini, mpya inawekwa pembeni na kupimwa. Siku ya kugeuza, simu mpya ndizo zinaelekezwa kwenye mashine mpya; walio kwenye mashine ya zamani wanaachwa wamalize maneno yao. Ni kama kanisa lenye milango miwili: unafunga mlango wa kuingilia, lakini humfukuzi aliye ndani akisali. Wa mwisho akitoka, ndipo unazima taa.

Pili, usipeleke watu wote kwa mara moja. Anza na simu moja kwa mia. Angalia: wangapi wanafika mwisho? Wangapi wanakata mahali pale pale? Wangapi wanafinya namba ile ile mara tatu, nne, kama mtu anayegonga mlango usiofunguka? Kama ni sawa na jana, ongeza ziwe kumi kwa mia, kisha nusu, kisha zote. AT&T ilikuwa na mashine 114 zenye kosa moja. Kama programu ile ingekaa kwanza kwenye mashine chache, mpaka siku ngumu ipite, watu wachache wangeumia na wengi wangepona.

Tatu, kurudi nyuma kuwe rahisi kuliko kwenda mbele, na kanuni yake iandikwe kabla ya kuanza. Iandikwe hivi: kama wanaokatika wanazidi hesabu fulani, tunarudisha ya zamani, bila mkutano. Na mfanyakazi wa zamu ya usiku apewe mamlaka ya kufanya hivyo yeye mwenyewe. Katika nchi yetu hili ni jambo kubwa. Tunajua ofisi ambako fundi anaona moto unawaka, lakini anangoja sahihi ya mkubwa, naye mkubwa anangoja simu ya Kinshasa. Moto haungoji sahihi.

Nne, wakati. Hapa wenzetu wa Kinshasa watusikilize vizuri. Mashariki tuko saa moja mbele yao. Kazi inayopangwa kumalizika Kinshasa saa kumi na moja ya alfajiri, «wakati watu wamelala», inamalizika huku saa kumi na mbili. Saa hiyo Bukavu na Goma hawalali: mama wa soko amekwisha kupokea mzigo, mwenye chukudu yuko barabarani, na mwenye kununua samaki kwa mtumbwi anatafuta kulipa kwa simu. Anayepanga kazi atazame saa ya anayepiga, si saa ya ukuta wa ofisi yake. Na asiigeuze Ijumaa jioni kisha aende nyumbani, wala siku za mishahara, wala siku kuna mapigano ao ugonjwa umetangazwa. Kwa namba za haraka hakuna saa ya usingizi hata moja. Kwa hizo, mashine mbili upande kwa upande ni lazima.

Tano, kupima kufanywe kwa simu ya raia. Si kwa simu ya bei kubwa ndani ya chumba chenye rezo nzuri, bali kwa simu ndogo ya kufinya, kwenye rezo dhaifu, kupitia kila kampuni ya simu, kwa kila lugha. Apewe mtu asiyejua mashine, mzee ao mama, na fundi anyamaze akimwangalia. Mahali mzee anasimama na kuuliza «sasa nifanye nini?», pale ndipo programu imekosea, si mzee.

Sita, namba ambayo watu wameishika kwa kichwa isiguswe bila sababu kubwa. Kama mbili imekuwa Kiswahili miaka mingi, ibaki Kiswahili. Ni ahadi. Kitu kipya kiwekwe kwenye namba ambayo haikuwa na kazi. Na kama lazima igeuzwe, sauti iseme mwanzoni kabisa, wiki kadhaa mbele: «Kuanzia tarehe fulani, Kiswahili kitakuwa tatu». Tena mbili isifanywe mlango wa kununulia kitu. Namba ya zamani isimwuzie mtu chochote bila kumwuliza mara ya pili kama anakubali.

Na la saba, ambalo kwetu ni la kwanza kwa uzito: kuwe na mtu. Njia yoyote ya mashine iishie kwa binadamu, na binadamu huyo awe na mahali pa kupeleka anachosikia. Tarehe 18 Septemba 2025, huko Australia, kampuni ya Optus ilikuwa ikigeuza ukuta wa kulinda mtandao wake, na simu nyingi za namba ya haraka zikakosa kupita kwa muda wa saa kama kumi na tatu. Watu walikufa, na vifo vyao vikahusishwa na siku hiyo. Kuna wateja waliopiga kwa huduma ya kampuni kuonya kwamba namba haipiti. Maneno yao hayakupelekwa haraka kwa wenye kuweza kutengeneza. Mitambo ilikuwa kimya, raia walikuwa wanasema, lakini hapakuwa na njia kutoka sikio la mpokeaji mpaka mkono wa fundi. Sisi huku tunajua jambo hilo bila kuambiwa. Mara ngapi mtu analalamika, anajibiwa «tunashughulikia», na maneno yake yanafia pale pale?

Tumesikia majibu ya watu wa kampuni, na tunayaheshimu. Wanasema mashine mbili ni gharama mara mbili, na umeme wetu si wa kutegemea. Ni kweli kwamba ni gharama. Lakini gharama hiyo iko hata leo. Imehamishwa tu kutoka kampuni kwenda kwa muuza sambaza. Yeye ndiye aliyelipa Asubuhi ile, kwa pesa iliyopotea na yunite zilizokwisha, na hakuna aliyemwandikia risiti.

Wanasema pia kwamba kuna matengenezo yasiyongoja, kama vile kuziba tundu ambalo wezi wanaingilia. Ni kweli pia. Lakini kwenda kwa sehemu si kuchelewa. Kwenye namba inayopigwa sana, simu mia za kwanza zinaingia kwa dakika chache. Kuziangalia hizo kwanza si kupoteza siku. Ni kufungua macho kabla ya kuvuka.

Na mashirika madogo, zone ya afya yenye kompyuta moja, ao kikundi cha mama wanaopokea simu za waliobakwa? Wao hawana mashine mbili. Lakini hata wao wanaweza: kutunza nakala ya jana mahali salama, kuandika kwenye karatasi namna ya kuirudisha, kupiga namba yao wenyewe mara tu baada ya kugeuza, kwa kila lugha, na wakati wa kazi simu zote zielekezwe kwa mtu mmoja mwenye simu mkononi. Kijana mmoja na daftari moja vinatosha.

Kwa ARPTC, yenye kusimamia mawasiliano ya nchi, tunaomba jambo lililo wazi. Sheria ya mawasiliano namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ipo. Sasa kampuni zitakiwe kutangaza mbele kila wanapogeuza namba zinazotumiwa na raia wengi, kueleza baadaye kila hitilafu kubwa iliyotokana na kazi yao, na kumrudishia mteja kile alichopoteza kwa kosa lisilo lake. Kwa wizara na mashirika yanayolipia namba za bure: mkataba usiseme tu «mashine iwashwe tarehe fulani». Useme pia nani ataipima kwa Kiswahili cha huku, na nani atairudisha nyuma usiku wa manane.

Kwako msomaji, usinyamaze. Sauti ikikupeleka mahali pasipo penyewe, andika saa, namba uliyopiga, ulichofinya na ulichosikia. Mambo hayo manne yanamsaidia fundi kuliko hasira, hata kama hasira yako ni ya haki.

Yule mama bado anauza sambaza Kadutu. Siku hizi, kabla ya kufinya chochote, anamwita kijana wa jirani amsikilizie. Alikuwa anajitegemea, sasa anaomba. Hiyo ndiyo hasara ambayo hakuna kampuni inayoiandika kwenye hesabu zake za mwisho wa mwaka, na ndiyo tunayotaka iandikwe.